Chumvi Ikilowa Jikoni

 Kabla sijaanza, aliye karibu na jiko anyanyuke kidogo aniangalizie kichupa cha chumvi. Kama chumvi inamiminika vizuri, punje kwa punje, jiko lako halina neno kwa leo. Kama imelowa, imegandamana, na ukikitikisa kichupa hakitoki kitu, basi hewa ya hapo jikoni imefikia unyevu wa asilimia 75 au zaidi. Sibahatishi. Chumvi safi ya mezani hukaa kavu mpaka unyevu wa hewa ufike kiwango hicho, kisha huanza kunyonya maji kutoka hewani na kuyeyuka. Chumvi ya mawe, ile isiyosafishwa sana, hulowa mapema zaidi kwa sababu ina magnesi. Wenye hoteli wanalijua jambo hili siku nyingi, ndiyo maana utakuta punje za mchele ndani ya kichupa.

Mtaniuliza: tumekaa kusikiliza habari za ukungu, chumvi imeingiaje? Imeingia kwa sababu kuvu zinazoota kwenye kuta, kwenye mbao na kwenye vyakula vyetu huamka karibu na kiwango hicho hicho. Ukuta ukikaa na unyevu wa asilimia 80 kwa muda, ukungu utaota, na zipo aina zinazoridhika hata na 75. Na huku Pwani, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, masika ikiingia chumvi hailowi siku moja mbili. Inalowa Machi, inalowa Aprili, inalowa Mei, na viatu vya ngozi kabatini vinaota manyoya meupe, na mikanda, na misahafu.

Jioni hii tuongee hewa ya jikoni, hasa kile kilichomo ndani yake ambacho hakuna anayekiona: spora, yaani vimbegu vya kuvu vinavyoelea hewani. Nitasema mapema ninachokiamini, ili mwenye haraka aondoke nacho. Vimbegu hivi hatuwezi kuvimaliza, na wala hatuna haja. Ugomvi wetu ni na maji.

Spora ya kuvu iitwayo Aspergillus fumigatus ina upana wa mikromita 2 hadi 3. Milimita moja ni mikromita 1,000. Unywele wa kichwani una unene wa mikromita kama 70. Kitu kidogo kiasi hicho kinaweza kuelea kwa saa nyingi. Kinapita kwenye wavu wa mbu bila kuugusa, kinapita puani, kinashuka mpaka mwisho wa mapafu, kwenye vile vifuko ambako damu inachukua oksijeni. Wewe na mimi tumevivuta vya kutosha tangu asubuhi. Vinatoka kwenye majani yanayooza, kwenye samadi, kwenye jalala la mtaa, vinaingia kwa dirishani na kwenye nguo zetu. Nyumba ya tajiri inavyo, na ya maskini inavyo, na iliyodekiwa mara tatu kwa siku inavyo.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1729 mtaalamu wa mimea wa Florence, Pier Antonio Micheli, alichapisha kitabu alichoeleza ndani yake jinsi alivyochukua vumbi la ukungu akalipanda juu ya vipande vya tikiti. Ukaota ukungu wa aina ile ile. Watu wengi wa wakati wake waliamini kwamba ukungu unazuka wenyewe kutokana na kuoza. Yeye akaonyesha kwamba una mbegu, na mbegu ina mzazi.

Wewe huna haja ya tikiti wala kitabu. Chukua chungwa lililosahaulika chini ya kapu la matunda. Utaona kwanza doa laini, kisha utando mweupe, kisha katikati ya weupe ule unga wa kijani kibichi. Unga ule ndio spora zenyewe, mamilioni kwa mamilioni. Sasa fanya kile tunachofanya sote: lishike kwa ncha za vidole, ukunje uso, ulitupe kwa kishindo kwenye ndoo ya taka. Kama ni asubuhi na jua linaingia dirishani, utakiona kimoshi cha kijani kikinyanyuka kutoka kwenye ndoo na kuzunguka jiko zima. Hicho ndicho tunachokivuta. Chungwa la namna hiyo lifunikwe kwanza na mfuko, polepole, lifungwe, ndipo litupwe. Na mkate wenye ukungu usinuswe. Sijui tulifunzwa na nani kunusa mkate ili kujua kama umeharibika, na doa tunaliona kwa macho.

Kuna kisa kimoja cha London ambacho watu wengi wanakijua nusu. Septemba 1928 Alexander Fleming alirudi kutoka likizo kwenye maabara yake katika hospitali ya St Mary's, akakuta ukungu umeingia kwenye sahani moja aliyokuwa akifugia bakteria, na bakteria waliokuwa karibu nao wamekufa. Hapo ndipo ilipoanzia penisilini. Nusu ya pili haisimuliwi sana. Ghorofa ya chini yake alikuwako mtaalamu wa kuvu, C. J. La Touche, aliyekuwa akikusanya ukungu kutoka kwenye nyumba za wagonjwa wa pumu, maana madaktari wa hospitali ile walishuku kuwa hewa ya nyumba hizo ndiyo inayowabana vifua. Hakuwa na vifaa vya kuzizuia spora zake zisitoke. Wanahistoria wengi wa sayansi wanaona kwamba spora iliyoangukia sahani ya Fleming huenda ilipanda ngazi kutoka kwake. Kwa hiyo dawa iliyookoa mamilioni ya watu huenda ilitoka katika vumbi la nyumba yenye unyevu ya mtu mwenye pumu. Mwaka 1945 Tuzo ya Nobel ilikwenda kwa Fleming na wengine wawili. La Touche hakuwamo.

Haya, turudi kwetu. Zamani jiko la nyumba ya Pwani lilikuwa uani. La bara lilikuwa kibanda cha peke yake, na juu ya mafiga palikuwa na kichanja cha mahindi ya mbegu. Moshi ulikuwa mwingi, lakini mvuke haukupata pa kukaa. Ulipanda ukapotelea kwenye makuti au nyasi. Mahindi pale juu yalikauka yakafukizwa, wala hayakuota ukungu kirahisi. Sizitamani enzi zile hata kidogo. Moshi huo huo uliotunza mbegu ndio uliowaharibu mama zetu macho na mapafu, na bado unaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, kwa sehemu kubwa moshi wa kupikia, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2, wakiwamo zaidi ya watoto 237,000 wenye umri chini ya miaka 5.

Kwa hiyo serikali zetu zinahimiza gesi na umeme, na zinafanya vema. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya wananchi wawe wanaitumia ifikapo 2034. Na Mei mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris juu ya jambo hilo hilo kwa Afrika nzima. Naunga mkono kwa mikono miwili. Ila kuna kitu ambacho muuza mitungi hakuambii, na sidhani kama na yeye anakijua.

Gesi inapoungua, hidrojeni iliyomo ndani yake huungana na oksijeni ikawa maji. Kila kilo moja ya gesi ya mtungi inatoa kilo moja na nusu ya maji na ushei, kwa umbo la mvuke. Maana yake mtungi mdogo wa kilo 6, ule unaoubeba kwa mkono mmoja kutoka dukani, mpaka utakapoisha utakuwa umemwaga zaidi ya lita 9 za maji katika hewa ya jiko lako. Hapo sijahesabu sufuria ya maharage iliyochemka wazi tangu adhuhuri, wala birika, wala vyombo vilivyooshwa kwa maji ya moto vikaachwa vijikaushe. Mkaa ni kaboni karibu tupu, hivyo maji yake ni kidogo. Lakini mkaa unatoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu, inayoua familia nzima zilizolala na jiko chumbani wakati wa baridi. Asije mtu kesho akasema redio imetuambia turudi kwenye mkaa. Ninachosema ni hiki: tulipobadilisha moto tulipaswa kubadilisha na dirisha.

Hatukubadilisha. Tazama majiko tunayojenga siku hizi. Jiko limetoka uani limeingia ndani, limepewa sinki, friji, makabati ya MDF na dari ya jipsamu. Vitu vizuri, sikatai. Lakini MDF ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na ubao wa jipsamu umevikwa karatasi pande zote mbili. Mbao na karatasi kwa kuvu ni chakula. Kilichokuwa kikikosekana ni maji tu. Dirisha nalo ni la alumini la kusukuma, na dirisha la kusukuma, hata ulifungue lote, linafunguka nusu. Yale matofali ya matundu yaliyokuwa juu ya kila dirisha katika nyumba za zamani tumeyaziba, kwa kuogopa mbu, au vumbi, au kwa sababu fundi alisema yanaharibu sura. Usiku bati linapoa upesi, mvuke wa chakula cha jioni uliopanda juu ya dari unageuka maji chini ya bati, unadondoka mgongoni mwa jipsamu. Asubuhi unaona doa la rangi ya chai, unamlaumu fundi wa bati kwamba paa linavuja, na mvua haijanyesha wiki mbili.

Kwenye nyanda za baridi kama Lushoto, Njombe na Limuru hawahitaji hata bati. Kule Juni na Julai ukuta wenyewe unatoa jasho.

Fungua sasa kabati la chini ya sinki. Ondoa ndoo, sabuni na zile chupa tupu unazozitunza kwa ajili ya mafuta ya taa. Ingiza mkono mpaka kwenye kona ya nyuma, pale bomba linapoingia ukutani. Kama ubao umevimba, umechanika tabaka kama mkate wa ajemi, na una vidoa vyeusi vinavyonuka udongo wa mvua, basi pana kiungo cha bomba kinachotoa tone moja moja, na kimekuwa kikitoa kwa miezi. Tone halionekani sakafuni kwa sababu ubao unalinywa lote. Ukimaliza hapo nenda kwenye friji. Vuta ule mpira wa mlango, angalia ndani ya mikunjo yake. Kisha angalia nyuma, chini kabisa, kuna kitrei kinachopokea maji ya barafu inayoyeyuka. Watu wengi hutumia friji mpaka likafa bila kukiona. Feni na joto la friji vinapuliza juu ya kitrei hicho mchana na usiku.

Harufu ile mnaijua. Kuvu inapokua inatoa gesi zake, na pua inazitambua kabla ya jicho. Jiko likinuka udongo au soksi na huoni kitu, usipulize manukato. Amini pua, tafuta.

Je, vimbegu hivi vinatufanya nini? Walio wengi haviwafanyi kitu. Kamasi za pua zinavinasa, na vinavyopita vinamezwa na chembe za ulinzi ndani ya mapafu. Lazima niliseme hili kwa sababu kuna watu wanaofanya biashara ya kutisha wenzao. Lakini wako ambao kwao mambo ni tofauti. Mwenye pumu, mtoto hasa, akilala katika nyumba yenye ukungu anabanwa zaidi. Mwenye mzio anapiga chafya na kuwashwa macho mwezi mzima, na anajiuguza mafua yasiyopona. Anayepepeta mahindi yaliyoota ukungu akilivuta lile vumbi siku hadi siku anaweza kuvimba mapafu, akapata homa jioni na nafuu asubuhi, ikadhaniwa malaria.

Na wako wengine ambao hatuwataji inavyotakiwa: waliopona kifua kikuu. TB ikiisha inaweza kuacha mashimo kwenye mapafu. Spora ya Aspergillus ikitua kwenye shimo la namna hiyo inaweza kuota humo, ikawa fundo la kuvu. Mtu anaanza kukohoa tena, anakonda, mara nyingine anatema damu. Anarudi kliniki, picha ya kifua inaonyesha mashimo, anaambiwa TB imerudi, anaanzishiwa vidonge upya. Na makohozi yake kila yakipimwa hayana kimelea cha TB. Utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, ukachapishwa 2019, ulikuta karibu watu 5 katika kila 100 waliowahi kutibiwa TB wana ugonjwa huu sugu wa kuvu. Sisemi wameupata jikoni. Spora zipo kila mahali. Nasema kama nyumbani kwako yupo mtu aliyewahi kuugua TB, akakohoa upya na vipimo vya TB havioni kitu, muulizeni daktari habari za kuvu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 za kuangaliwa kwa makini zaidi, na Aspergillus fumigatus imewekwa katika kundi la juu kabisa.

Wasikilizaji wetu walioko Uingereza, na najua mko wengi, mnakijua kisa cha Rochdale kuliko mimi. Desemba 2020 alifariki mtoto Awaab Ishak, siku chache baada ya kutimiza miaka miwili. Wazazi wake walitoka Sudan. Waliishi katika nyumba ya kupanga yenye ukungu uliotanda jikoni na bafuni. Baba alilalamika tangu 2017. Aliambiwa apake rangi juu yake. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo akahitimisha kwamba mtoto alikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuvuta ukungu kwa muda mrefu. Lililonikera mimi ni jambo jingine lililojitokeza: wenye nyumba walikuwa wamejijengea dhana kwamba chanzo ni namna familia ile inavyoishi na inavyooga. Yaani mgeni huyu hajui kukaa ndani ya nyumba. Baadaye walikiri kwamba walikosea. Leo ipo sheria yenye jina la mtoto huyo, na kuanzia tarehe 27 Oktoba 2025 wamiliki wa nyumba za kijamii za Uingereza wanatakiwa kushughulikia hatari ya dharura ndani ya saa 24, na kuchunguza unyevu na ukungu mkubwa ndani ya siku 10 za kazi.

Dhana ile ile tunayo hapa kwetu, ila sisi tunambebesha mama wa nyumba. Ukungu ukionekana jikoni, wifi akija anasema huyu mwanamke mchafu. Ukungu si uchafu. Ukuta uliosuguliwa kila Jumamosi utaota ukungu kama bomba linavuja nyuma yake, na ukuta wa vumbi uliokauka hautaota. Anayedeki jiko kwa maji mengi na kufunga dirisha ameuongezea.

Wapo wanaouliza kama wanunue vipimo vya ukungu, vile visahani unavyoacha wazi mezani halafu unahesabu vilivyoota. Usipoteze hela. Kisahani kikiachwa wazi popote duniani kitaota kitu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2009 juu ya unyevu na ukungu majumbani halikuweka idadi yoyote ya spora kuwa ndiyo salama au ya hatari, kwa kuwa ushahidi haukuruhusu. Lilisema zuia unyevu, na ukungu ulioota uondolewe. Idadi yenyewe inapanda na kushuka ndani ya saa moja, kutegemea nani amefagia na dirisha lipi limefunguliwa. Ukiuona ukungu kwa macho, kipimo kimeshakamilika.

Kuuondoa nako kuna makosa yake. Watu wanachukua ufagio mkavu wanasugua ukuta, spora zote zinapaa. Lowesha kwanza. Maji, sabuni ya kawaida na brashi vinatosha kwenye vigae, rangi ya mafuta na plastiki; vaa barakoa, fungua dirisha, watoto na mwenye pumu wakae nje. Klorini inaua ukungu wa juu, lakini kwenye ubao na jipsamu haizami, na spora iliyokufa bado inamsumbua mwenye mzio, kwa hiyo kuua hakutoshi, lazima itolewe. Na jamani, msichanganye klorini na siki, wala na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu, na jiko ni dogo. Jipsamu iliyooza ikatwe itupwe. Kama doa ni kubwa kuliko kama mita moja ya mraba, tafuta mtu wa kazi hiyo. Baada ya mafuriko kanuni ni saa: vitu vilivyolowa vikianikwa vikakauka ndani ya saa 24 mpaka 48, ukungu huwa haujawahi kuota. Waliopigwa na maji ya Rufiji na ya Nairobi mwaka 2024 wanajua jinsi ilivyo vigumu kuikamata saa hiyo wakati hata pa kuanikia hapapo.

Ghala la jikoni lingehitaji kipindi kizima, kwa hiyo nitagusa moja tu. Kuvu ya mahindi na karanga, Aspergillus flavus, inatisha kwa sumu yake kuliko kwa spora zake. Mwaka 2004 Kenya, katika wilaya za mashariki kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu ya mahindi. Kupika hakuiondoi. Mahindi yanapaswa kuingia ghalani yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na asiye na mashine ya kupimia ana chumvi. Jaza mahindi theluthi moja ya chupa kavu ya kioo, tia vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yamezidi asilimia 15, yarudishe juani. Mabwana shamba wamekuwa wakifundisha njia hii miaka mingi, na ni nzuri kuliko kung'ata punje kwa meno.

Nimalizie kwa wanaojenga na wanaopangisha, maana mpangaji hana uwezo wa kutoboa ukuta usio wake. Jiko linataka njia mbili za hewa, moja chini na moja juu karibu na dari, ikiwezekana kwenye kuta zinazotazamana, ili mvuke mwepesi utoke juu na hewa kavu iingie. Matofali ya matundu manne yenye wavu yanafanya kazi hiyo, na hayali umeme. Mwenye uwezo aweke feni ya kutoa hewa, lakini iitoe nje ya nyumba. Nimeona nyingi zinazopuliza ndani ya dari. Sufuria ifunikwe. Friji lisogezwe mbali kidogo na ukuta. Gesi ikiwaka, dirisha liwe wazi, na liendelee kuwa wazi kwa muda baada ya kuzima.

Na wewe mwenye nyumba, mpangaji akikuletea habari za doa jeusi jikoni, usimpe kopo la rangi. Nenda na fundi bomba, mfungue ukuta, mtafute maji yanatoka wapi. Wapangaji, pigeni doa picha yenye tarehe, mpelekeeni, na mrudie kumwambia asipokuja. Ifanyeni kazi hii wakati wa kiangazi, kuta zikiwa kavu. Masika ikishaingia hakuna plasta itakayokauka.